Mlango wa Kabati Umepona

Karakana,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa wifi yako anayenichungulia begani nisije nikaandika uongo, na kutoka kwa watoto wako wawili wa huku, ambao wanasema shangazi yao asipokuja mwaka huu watahamia kwake na magodoro yao. Mimi ni mzima, kwa kiasi ambacho nitakieleza. Natumaini nawe hujambo, goti limeacha kutabiri mvua, na shemeji bado anatafuta miwani aliyoivaa.

Kwanza kabisa nina tangazo rasmi, na ningependa ulisome ukiwa umesimama. Baada ya miaka kumi na minne ya ahadi, vikao vya familia na kipande kimoja cha kamba, mlango wa kushoto wa kabati la chumbani kwetu umetengenezwa. Umetengenezwa na mimi mwenyewe, mwenye karakana, juzi Ijumaa, kuanzia saa nne kamili hadi saa nne na dakika ishirini. Bawaba ni mpya, skrubu ni sita, na haulii tena kama paka aliyekanyagwa. Wifi yako aliufungua na kuufunga mara kadhaa, kisha akauliza kwa upole kama ni dakika ishirini hizo ndizo nilizokuwa nikizitafuta tangu kitinda mimba wetu akiwa anatambaa.

Kabati lenyewe unalijua. Ni lile nililomtengenezea tulipooana, lenye kioo kirefu upande wa ndani wa mlango. Wewe ulilikagua siku ile ukasema droo ya chini imekaa upande, na mpaka leo imekaa upande.

Najua umeshaanza kutilia shaka. Mtu hakurupuki kutengeneza mlango wake baada ya miaka yote hiyo. Sababu ipo, nami nitaifikia; nivumilie tu, maana barua hii nimeianza mara tatu na mara zote niliishia kwenye goti lako. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe hunisahihisha kabla sijamaliza, kisha unaniambia salamu zifike, na mimi nabaki nimeshika chombo mkononi kama mtu aliyefukuzwa darasani. Barua utaisoma mpaka mwisho, hata kama ni kwa ajili ya kutafuta makosa. Kalamu nyekundu ruksa.

Kazi inaendelea vizuri. Tumemaliza madawati sitini ya shule moja, na ofisi moja imeagiza meza ndefu ya mikutano, ambayo mwenye ofisi anataka iwe ya duara na pia iwe na kichwa, ili aonekane anapokaa. Nimemwambia nitafikiri. Mgongo ndio unaonisumbua kidogo, na tumbo linagusa benchi kabla ya mikono. Ukiniona leo hutaniita tena Msumari.

Sasa nikupe habari za kabati jingine. Mara tatu kwa wiki, dada, mdogo wako anasimama ndani ya kabati akiwa uchi. Usicheke kwanza. Liko hospitali, ghorofa ya pili, mwisho wa korido, kwenye chumba kilichopakwa rangi ya kijani ambayo mimi nisingempakia hata adui yangu. Ndani yake pande zote ni taa ndefu, kama zile za dukani, zimesimama wima. Navua kila kitu, navaa miwani myeusi, na sehemu ile ambayo mama alikuwa akitusisitiza tuifunike inafunikwa na kifuko ambacho sitakieleza. Muuguzi anafunga mlango, taa zinawaka kwa sauti ya nyuki, na mimi nasimama nimeinua mikono kama niliyekamatwa. Siku ya kwanza ilikuwa sekunde arobaini. Sasa nimefika dakika tano na kitu. Muda huo wote nautumia kutazama bawaba za kabati lao, ambazo, nakuambia kama fundi, zimefungwa na mtu aliyekuwa na haraka. Wiki ya pili nilikuja na bisibisi. Muuguzi alikataa katakata. Wiki ya nne mlango uligoma kufunga, akaniuliza bila kunitazama kama ile bisibisi bado ninayo. Tangu hapo wananiita fundi wa taa, na sikai tena foleni.

Hiyo ndiyo dawa. Sasa ugonjwa.

Unaitwa limfoma ya ngozi, na ni aina ya saratani. Kaa chini, dada, halafu usome sentensi inayofuata mara mbili: umekamatwa mapema, damu yangu ni safi, mitoki, yaani tezi za kwapani na kinenani, haijavimba, na daktari anasema watu wengi waliokamatwa kwenye hatua hii huishi maisha yao yote na kufa kwa mambo mengine kabisa, ikiwemo, kwa upande wangu, mkate na siagi. Mabaka yaliyokuwa kiunoni na mapajani yamefifia zaidi ya nusu. Kuwasha kumekwisha. Wifi yako ameanza tena kulala na kukoroma, ingawa hili la mwisho anasema nilifute. Silifuti.

Daktari wangu ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanao, ana sauti ya chini na ananiita mzee, jambo lililoniuma kuliko sindano zake. Alinieleza hivi. Kwenye damu kuna chembe nyeupe, askari wanaolinda mwili. Sasa baadhi ya askari wangu wameacha lindo, wamehamia kwenye ngozi, wamepapenda, na wameanza kuzaana bila kibali. Hauambukizi. Haushikwi kwa taulo wala kwa kulala kitanda kimoja. Wifi yako aliuliza hilo kabla sijafungua mdomo. Unakwenda polepole mno, na kwa miaka unajifanya kitu kingine. Kwangu ulijifanya karibu kila kitu. Mimi nililaumu vanishi. Nikabadilisha vanishi, nikalaumu gundi. Nikavaa aproni ndefu kwa ajili ya vumbi la mbao, nikawa nafanana na mama mmoja mpishi wa shule. Mwenye duka la dawa alinipa krimu ya fangasi, nikajipaka miezi minane kwa uaminifu mkubwa. Daktari wa mwanzo alisema ni pumu ya ngozi. Walinikata kipande cha ngozi kidogo kama kichwa cha msumari, wakapima, hawakuona kitu. Wakakata cha pili, hawana hakika. Cha tatu, mwaka huu, ndicho kilichosema ukweli.

Naam, mwaka huu. Miezi mitano iliyopita. Hukuambiwa kwa sababu mimi nilikataza, na wifi yako amenikasirikia kwa hilo kila siku ya Mungu, kwa hiyo lawama zote ziandikwe jina langu.

Siku ya majibu, yule binti aliniuliza kama kuna mtu mwingine kwenye familia mwenye mabaka kama haya. Nikacheka. Nikamwambia kwetu hayo si mabaka, ni muhuri. Alikuwa anaandika, akaiweka kalamu mezani, akasema nimweleze huo muhuri, taratibu, tangu mwanzo.

Nikamweleza kile kipande cha chuma cha baba chenye herufi yake, alichokuwa akikipasha moto na kukigandamiza chini ya droo kila alipomaliza kazi, ili fundi mwingine asije akadai ni yake. Nikamweleza jinsi alivyokuwa akioga kwenye bomba nyuma ya karakana, na yale mabaka ya rangi ya kutu kiunoni pake, yenye ngozi nyembamba iliyosinyaa kama karatasi, na jinsi alivyosema kwamba naye alipigwa muhuri kabla ya kutoka kiwandani, asije akachanganywa na baba za watu. Nikamweleza ulivyojitokeza muhuri wako, ukiwa na miaka ishirini na tatu, ukingoja nafasi ya chuo cha ualimu na kufanya kazi naye benchi moja. Ulimwonyesha mama kwa siri, mama akamwambia baba kwa siri, na baba akatangaza hadharani kwamba hii sasa ndiyo kazi yangu, ina muhuri. Daktari hakucheka hata kidogo. Aliniambia kwa kawaida huu si ugonjwa wa ukoo, na ndugu wengi wa wagonjwa hawaupati kamwe. Lakini mara chache, chache sana, umeonekana kwa watu wa damu moja, mzazi na mtoto au ndugu kwa ndugu, na hakuna ajuaye hasa kwa nini. Kuhusu baba alisema hawezi kujua sasa. Labda ulikuwa huo huo, mpole, ukatembea naye polepole mpaka moyo ulipomchukua na miaka yake sabini na minane. Kuhusu wewe alisema jambo moja tu: aje nimwone.

Ilinichukua miezi mitatu kupata ujasiri wa kukupigia ile simu, miezi miwili iliyopita. Unaikumbuka. Nilizunguka kwanza kwa shemeji, kwa goti, kwa bei ya mbao, kisha nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama muhuri wako bado upo. Ukasema upo, umeongezeka kidogo, umeshuka mpaka pajani, na siku hizi unawasha ukitoka kuoga. Nikasema labda ungemwona daktari wa ngozi. Ukacheka kile kicheko chako cha ubaoni. Ukanipigia hesabu. Ukasema baba alikuwa nao miaka arobaini, hakuumwa hata siku moja. Ukasema na mimi ninao tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, thelathini na minne sasa, na ndiyo hivyo nimenenepa kama gunia. Watu wawili, miaka sabini na minne kwa jumla, madhara sifuri. Ukaniambia nisikuletee wasiwasi wa wazee, kisha salamu zifike.

Nilibaki nimeshika simu. Wifi yako alikuwa pembeni, akaniuliza kwa nini sikukujibu, hesabu yenyewe ilikuwa na jibu. Lakini jibu lilikuwa na aibu ya miaka thelathini na minne, na nilihitaji muda wa kujitayarisha. Nimejitayarisha miezi miwili, unavyoona, kwa kasi ile ile ya mlango wa kabati.

Dada, muhuri wangu ulikuwa wa kopo.

Sasa nakueleza ilivyokuwa hasa, bila kupaka vanishi. Baba alipotangaza ule muhuri wako, mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kwenye karakana ile nilikuwa wa kubeba na kufagia. Droo zako ziliingia na kutoka kama pumzi. Zangu zilihitaji goti. Wageni wakija, baba alifungua droo yako kuwaonyesha, kisha anakuita yule aliyepigwa muhuri, na mimi nasimama hapo na ufagio. Nilivumilia wiki tatu. Wiki ya nne nilichukua rangi ya mbao, ile ya kahawia nyekundu, na kitambaa, nikaenda nyuma ya banda la mbao, nikajipaka kiunoni upande wa kushoto. Nilifanya kazi nzuri, lazima niseme. Nilififisha kingo kwa kidole. Nilisugua kwa msasa laini ili paonekane pakavu. Ndiyo kazi ya kwanza ya usafi wa hali ya juu niliyowahi kufanya pale, na nisingeweza kumwonyesha mtu.

Siku ya pili nilivua shati kwenye bomba mbele ya baba, kama kwa bahati. Alinitazama. Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Akakuita wewe, akamwita mama, akasema leo kazi zake zote mbili zimepita ukaguzi. Nilijiona mrefu kuliko mlango. Nilikuwa nikipaka upya kila baada ya siku kumi, kwa sababu sabuni ilikuwa ikiila, na niliendelea hivyo karibu mwaka mzima, mpaka ulipoondoka.

Baba alijua, dada. Mtu aliyechanganya rangi za mbao maisha yake yote angekosaje kujua. Siku chache baada ya pale bombani aliweka kopo lile lile juu ya benchi langu, akaniambia kwamba rangi hii imetengenezwa kwa ajili ya mbao nyeupe, kwenye mbao nyeusi haikai vizuri, niongeze tone moja la nyeusi. Nilidhani anazungumzia kigoda nilichokuwa nikikipaka rangi. Ilinichukua miaka mingi kuelewa, na nilipoelewa yeye alikuwa ameshaondoka, nikacheka peke yangu kwenye karakana mpaka mteja akarudi nje.

Wa kweli ulinitokea miaka minne tu iliyopita, pale pale nilipokuwa nikijipaka. Na hapa ndipo pa kunicheka: nilifurahi. Nilidhani baba ameamua hatimaye, kwa kuchelewa kidogo, kuniidhinisha. Ndiyo maana sikwenda hospitali mapema, ndiyo maana nilipokwenda sikutaja ukoo, na ndiyo maana nilipoteza miaka mitatu na vanishi, gundi na krimu ya fangasi. Kama nisingekuwa na bahati ya kuoa mwanamke asiyeona fahari kwenye kitu kinachowasha, ningekuwa bado najipongeza.

Kwa hiyo irudie hesabu yako. Ushahidi wako una watu wawili, na mmoja wao ni rangi ya mbao. Toa miaka yangu thelathini na minne, weka minne, na kwenye safu ya madhara weka saratani moja, ya mapema, inayotibika. Wa pili ni baba, ambaye hakupimwa hata siku moja, kwa sababu wote tulikuwa tukimsifu. Ukimaliza hapo, utabaki na wewe mwenyewe, mwenye muhuri tangu ujana, ambao umeongezeka, umeshuka, na unawasha. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukikosea mstari wa kwanza, usipambe wa mwisho.

Lipo na jambo lingine dogo, nalo nalisema mara moja tu. Ulipokwenda chuo, ulimwambia baba kwamba karakana moja inatosha mtu mmoja mwenye muhuri, basi abaki kijana. Sijui kama ulikuwa ukitania. Nimeogopa kuuliza miaka yote hii. Kama ulikuwa unaitaka karakana, niliichukua kwa kopo la rangi, na naomba unisamehe. Randa ya baba bado inaning'inia kwenye msumari wake, na benchi la dirishani silikodishi. Umestaafu. Sina la kuongeza.

Na ule mlango. Daktari ameniagiza kila mwisho wa mwezi nijikague mwili mzima mbele ya kioo kirefu, mgongo na matako pamoja, kisha nichore mabaka kwenye karatasi, lipi limepungua, lipi limebaki. Kioo kirefu pekee nyumbani kwetu kiko ndani ya mlango ule, uliokuwa ukining'inia kwa kamba na kunionyesha nikiwa nimeinama kama mlevi. Ijumaa niliusimamisha wima. Wifi yako alishika taa, tukahesabu pamoja. Mwezi wa kwanza yalikuwa kumi na manne. Juzi tulipata matano, na moja kati ya hayo tulibishana, yeye anasema ni alama ya mkanda. Tulikaa kitandani tukacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kidogo baada ya kicheko kwisha. Ndipo akaniambia nikae niandike kabla Jumapili haijaisha, au ataandika yeye.

Nimekuandikisha kwa yule binti Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Jumatano nitakuja mwenyewe kukuchukua, kwa hiyo usijisumbue kupanga udhuru. Nitakuwa nimekaa sebuleni kwako na shemeji, tukimtafutia miwani. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi yenye jina la ugonjwa kwa mwandiko wa daktari, uisome kabla sijafika ili upate la kunisahihisha. Huenda akasema wako si huu. Huenda akasema ndio, na hapo utasimama kwenye kabati kama mimi, na nakuhakikishia bawaba zake sasa ni imara. Kwa vyovyote, daktari akikuuliza muhuri umeanza lini, usiwe na shaka nao. Kati ya sisi wawili, wako ndio uliokuwa halali tangu mwanzo.

Msalimie shemeji, wasalimie wapwa zangu wote, na mwambie yule mkubwa kwamba mjomba bado anasubiri picha ya mtoto. Wifi yako anasema uje na kanga mbili na viatu vya kuvaa ndani. Anasema pia tunakupenda, neno ambalo mimi nilikuwa nimelikwepa kwa kurasa sita.

Vaa nguo rahisi kuvua.

Ni mimi mdogo wako,
Msumari
(asiye na muhuri, ila wa hospitali)